SOMO: MAJI YA PAA LETU YAENDA KWA NANI?



Somo la safari hii si la darasani, ni la uani. Twaomba kila nyumba ilisome, na majirani walisome pamoja, maana jambo lenyewe halimalizwi na nyumba moja. Ni habari ya maji ya mvua yaangukayo juu ya mapaa yetu, na mahali yanapokwenda yakishaanguka.

Twaanza na kosa letu wenyewe, asije mtu akadhani twamnyoshea kidole. Tulipostaafu kazi ya ualimu tuliezeka nyumba upya kwa bati, tukaongeza baraza, na ua wote tukausakafia saruji ili tope lisituingilie ndani. Masika yalipofika tulifurahi sana, kwani uani hapakuwa na tope hata kidogo. Lakini siku ya tatu ya mvua kubwa, kabla hatujanywa chai, bibi jirani yetu alikuja mlangoni. Nyumba yake iko chini ya yetu kwenye mteremko. Tulimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, mvua ya Mungu naijua, nimeizoea tangu utoto. Hii iliyoangusha jiko langu si ya Mungu, ni ya bati lenu."

Tulikwenda kuangalia. Jiko lake la miti na udongo, lililosimama miaka mingi, lilikuwa limechimbwa chini kama kwa jembe, na ukuta mmoja umelala. Tuliufuata mchirizi wa maji kupanda juu, hatua kwa hatua, nao ukatupeleka moja kwa moja mpaka kwenye pembe ya nyumba yetu. Hatukuwa na la kujibu. Tulimjengea jiko jingine, kisha tukakaa chini kama wanafunzi kulitafakari jambo hili. Haya tuliyojifunza ndiyo somo letu.

1. KWA NINI MAJI YANAKIMBIA?

Watu husema mvua za siku hizi ni kali kuliko za zamani. Wote twaikumbuka mvua ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Tena twaikumbuka Oktoba ya mwaka 2019, wakati mafuriko yalipoipiga Korogwe na Handeni, na barabara ya kutoka kwetu kwenda Handeni ikakatika. Lakini tusiitupie mvua lawama yote. Tutazame na sisi tulivyoibadilisha ardhi.

Mahali penye miti na majani, tone la mvua huangukia jani kwanza, kisha hudondoka polepole juu ya takataka laini, na udongo hulinywa. Hata paa la nyasi au makuti hulipunguza maji mwendo. Bati halifanyi hivyo. Bati hupokea mvua na kuitupa chini papo hapo, tena yote kwa mstari mmoja. Chini ya bati kuna ua uliofagiliwa kila siku mpaka ukawa mgumu kama sakafu, au uliosakafiwa kweli kama wa kwetu. Zaidi ya ua kuna njia iliyokanyagwa, kisha barabara. Hakuna anywaye. Maji yote yashika safari kwa wakati mmoja, na kila nyumba yaongeza yake.

Safari hiyo yaishia mtoni. Mto wetu wa Pangani, ambao wengine bado twauita Ruvu, hutoka katika milima ya Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, hupokea maji ya Mkomazi na Luengera, kisha huteremka mpaka Hale, ambako umeme umefuliwa tangu mwaka 1964, na mwisho huingia baharini pale Pangani mjini. Wakati wa masika mto huo huwa mwekundu. Wekundu ule ni udongo wa mashamba na nyua zetu, ambao hautarudi tena.

Ajabu ni kwamba nyumba zile zile zilizolia kwa maji mwezi wa Aprili, zalia kwa kukosa maji mwezi wa Agosti. Ndugu zetu wa Handeni walijua siku nyingi thamani ya debe moja la maji, hata ikabidi maji ya mto huu yasukumwe kwa bomba refu kutoka upande wetu wa Korogwe mpaka kwao. Sisi tulio karibu na mto twayaacha maji yaliyokuja wenyewe mpaka juu ya nyumba zetu, yapite na kubomoa.

2. HESABU YA PAA

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba jambo lisilopimwa hubishaniwa bure. Basi tulipime.

Kanuni ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya: mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Pima urefu na upana wa eneo ambalo paa limefunika, si urefu wa bati kwenye mteremko wake. Paa letu lafunika mita 8 kwa mita 6, yaani mita za mraba 48. Kwa hiyo kila milimita 1 ya mvua ni lita 48. Maji mengine hurukia pembeni au hubaki juu ya bati, basi tupunguze moja ya tano, tuhesabu asilimia 80 tu.

Sasa tufikiri mvua moja nzito ya alasiri, ya milimita 40:

48 × 40 = lita 1,920.
Asilimia 80 ya hizo = lita 1,536.

Hayo ni mapipa saba na nusu na zaidi, ya lita 200 kila moja, kutoka paa moja dogo na kwa mvua moja. Na kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, ni tani moja na nusu ya maji. Ndiyo tuliyoituma jikoni kwa bibi jirani, bila kuhesabu maji ya ua wetu wa saruji.

Anayetaka kupima mvua ya kwake na achukue kopo lenye ubavu ulionyooka, aliweke mahali pa wazi juu ya kigingi, na mvua ikiisha apime kina cha maji kwa rula ya shule. Watoto hupenda sana kazi hii.

3. PIPA MOJA LAFAA NINI?

Hapa twataka kusema kweli. Wengi hununua pipa, huliweka chini ya paa, na huona wamemaliza. Lakini kwa hesabu yetu pipa la lita 200 hujaa baada ya milimita 5 hivi za mvua. Milimita 35 zilizobaki humwagika kama zamani. Tena kama pipa lilikuwa limejaa tangu jana, halikuzuia hata tone. Pipa lililojaa halizuii mafuriko. Pipa lenye nafasi ndilo lizuialo.

Basi kazi ya pipa ni mbili, nazo zavutana. Ukitaka maji ya akiba, pipa lijae. Ukitaka kumwokoa jirani, pipa liwe tupu mvua inapoanza. Sisi tulitatua hivi: tuliweka mapipa mawili. La kwanza ni la akiba, lajaa na kufunikwa. Likijaa, maji yake yaingia katika la pili. Hilo la pili halikai na maji. Mvua ikikatika twafungua koki yake kidogo, maji yatoke polepole kwenye bustani usiku kucha, ili asubuhi liwe tayari kwa mvua nyingine.

Na mapipa yote mawili yakijaa? Ndipo lihitajiwapo shimo. Tulichimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina chake mita 1, mahali palipo mbali na ukuta wa nyumba, na kulizunguka tukapanda migomba. Shimo hilo lachukua lita 1,000. Bomba la maji ya ziada kutoka pipa la pili laingia humo.

Tuhesabu tena: mapipa mawili lita 400, shimo lita 1,000, jumla lita 1,400. Katika lita 1,536 zabaki lita 136, yaani ndoo saba za lita 20, na migomba na udongo hunywa hizo mvua ikiwa bado inanyesha. Tani moja na nusu imekuwa ndoo saba!

Jambo la mwisho tulilofanya lilituuma kidogo: tulivunja nusu ya sakafu ya ua wetu, ile ya upande wa mteremko, tukapanda ukoka. Tope limerudi kidogo. Tumenunua kizibao cha kufutia miguu.

4. NAMNA YA KUWEKA PIPA

(a) Chagua pipa safi. Pipa lililowahi kutiwa dawa ya mashamba, dawa ya wadudu au kemikali yoyote usilitumie, hata likioshwa mara kumi. Usiponunua pipa jipya, muulize muuzaji lilibeba nini, na asiyeweza kujibu usinunue kwake. Mapipa yaliyobeba vyakula ndiyo salama.

(b) Jenga kiweko imara. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito zaidi ya kilo 200. Likiwekwa juu ya mawe mawili yanayocheza litaanguka, na litamwangukia mtu. Jenga kiweko cha matofali juu ya ardhi iliyoshindiliwa, kimo chake kitoshe ndoo kusimama chini ya koki.

(c) Funga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, ule ambao mafundi huuita gata. Uinamishe kidogo kuelekea pipa, sentimita 1 kwa kila mita yatosha. Ukiinamisha sana maji huruka nje. Ukiunyoosha kabisa majani huoza ndani yake. Misumari au vishikizo vyake viwe karibu karibu, maana mfereji uliojaa maji ni mzito.

(d) Maji ya kwanza yapite. Mvua ya mwanzo huosha vumbi, majani na mavi ya ndege. Bomba la kuingilia liwe la kuweza kugeuzwa kando kwa dakika za mwanzo, kisha lirudishwe juu ya pipa.

(e) Weka bomba la maji ya ziada karibu na ukingo wa juu, nalo lisiwe jembamba kuliko lile la kuingizia. Hili ndilo wengi husahau. Pipa lisilo na bomba hilo hufurika kando ya msingi, na mwenye nyumba hujibomolea mwenyewe.

(f) Shimo la maji liwe hatua tano au zaidi kutoka kwenye nyumba, mbali na choo na mbali na kisima. Tena lisiwe juu ya ukuta wa jirani. Kuhamisha maji kutoka pembe moja ya ua wako hadi pembe nyingine ya ua wa mwenzio si kuyavuna.

5. HATARI TATU

Ya kwanza ni mbu. Sisi wa Korogwe hatuhitaji kufundishwa habari za malaria. Mji wetu ulikuwa mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Lakini mbu apendaye mapipa zaidi ni mwingine, yule mweusi mwenye madoadoa meupe, aumaye mchana, naye huleta homa ya dengue. Mwaka 2019 homa hiyo ilienea Dar es Salaam, na mkoa wetu wa Tanga nao ukapata wagonjwa. Katika joto letu yai la mbu hugeuka mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi au kupita kidogo. Basi kila pipa lifunikwe, na kila tundu la bomba lifungwe kwa wavu wa dirishani. Pipa lisilofunikwa ni afadhali lisiwepo.

Ya pili ni watoto. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji ya ndoo, sembuse pipa au shimo. Mfuniko ufungwe kwa waya au uwekewe jiwe zito asiloliweza mtoto, na shimo lizungushiwe ua wa miti.

Ya tatu ni kunywa. Maji ya paa yafaa kufulia, kuoshea vyombo, kumwagilia na kuchanganyia udongo wa kujengea. Atakayeyanywa hana budi kuyachemsha, au kuyatia dawa ya kusafishia maji kama wataalamu wa afya wanavyoelekeza.

6. WENZETU WALIVYOFANYA

Kuvuna mvua si jambo geni kwa Waswahili. Katika visiwa vya Lamu, ambako visima vingi huwa na maji ya chumvi, watu wa kale walijenga majabia, yaani mabirika makubwa ya chokaa na mawe, yenye uwanja wa lipu wa kupokelea mvua na kuielekeza ndani. Mengine yangaliko.

Mbali na kwetu, katika kisiwa cha Bermuda kisicho na mto hata mmoja, sheria yawataka watu wavune mvua kwenye mapaa na kuihifadhi chini ya nyumba, na mapaa yao hupakwa rangi nyeupe. Huko Thailand, tangu miaka ya 1980, mamilioni ya mitungi mikubwa ya saruji ilitengenezwa vijijini kwa ajili ya maji ya paa.

Lakini tujifunze na kwa walioshindwa. Nchini Kenya watu walijaribu kujenga matangi ya bei nafuu kwa kusuka ghala la fito, kama lile la nafaka, kisha kulipaka saruji ndani. Wazo lilikuwa zuri, ila mchwa walikula fito, saruji ikapasuka, na maji yakavuja. Basi mtu akikushauri kusitiri saruji kwa fito, mkumbushe kwamba mchwa wa Korogwe hawakufunga kula.

7. MAPAA YALIYO YETU SOTE

Mapipa ya nyumbani ni mwanzo tu. Paa la kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, kwa mvua ile ile ya milimita 40, latoa lita 6,400. Shule, zahanati na maghala yetu hutoa kama hayo au zaidi. Ni aibu tukitoka ibadani tumehubiriwa kumpenda jirani, huku maji ya paa tulilokaa chini yake yachimba shamba la jirani huyo. Twaiomba halmashauri ya parishi ilifikirie jambo hili kabla ya masika, sio baada yake: tangi moja kubwa, na mtaro wa kinga maji wenye majani upande wa chini. Maji yatafaa kufanyia usafi, na katika miezi ya kiangazi akina mama hawatabeba ndoo kila wanapoandaa shughuli za kanisa.

Twarudi kwa bibi jirani. Vuli iliyofuata ilinyesha usiku kucha, nasi hatukulala. Tulikuwa tukienda na taa kuangalia mapipa na shimo. Asubuhi tulimwona akipanda kuja kwetu, mioyo ikatudunda. Alikuwa na ndoo. Alitupita, akaenda kwenye pipa, akafungua koki na kujaza. Kisha akasema, "Jiko lipo. Nimekuja kudai maji yangu, maana mmeyazuia kuja."

Tangu siku hiyo pipa la pili ni lake kama lilivyo letu, naye ndiye alifunguaye alfajiri sisi tukichelewa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Pima eneo la paa la nyumba yako. Mvua ya milimita 40 italeta lita ngapi? Punguza moja ya tano.
2. Mvua inaponyesha, simama barazani utazame: maji ya paa lako yaenda kwa nani? Na yale yajayo kwako yatoka kwa nani?
3. Kwa nini tumesema pipa lililojaa halizuii mafuriko? Wewe utatumiaje maji yako ili pipa liwe na nafasi?
4. Nyumba 10 za mtaa mmoja zikiweka mapipa mawili kila moja, zitashika lita ngapi kwa pamoja? Je, nyumba ya juu na nyumba ya chini zafaidi sawa? Nani aanze?
5. Wako wasioweza kununua pipa. Taja mambo matatu wawezayo kufanya kwa jembe tu.

Tafadhali kila nyumba na ichimbe au kuweka angalau kitu kimoja kabla ya mvua zijazo. Na aliye juu ya mteremko asingoje kuitwa mlangoni kama sisi.